Shajara ya brauni, South C

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimeanza. Nataka kuoka brauni nzito, yenye unyevu, inayonata kidogo menoni, wala si keki ya chokoleti iliyokatwa miraba. Mfano nilio nao kichwani ni haluwa ya Mombasa iliyolala siku moja: kisu kinapita bila kuichana, kipande kinasimama, ukikibonyeza kinabaki na alama ya kidole. Juu iwe na ngozi nyembamba inayong'aa na kupasuka ukiigusa. Mradi nitauhesabu umekamilika nikioka trei tatu, Jumamosi tatu zinazofuatana, zote zikatoka sawa. Mama anakuja Nairobi mwisho wa Agosti na nimemwahidi atazikuta.

Upishi wa kuanzia nimepewa na binamu yangu wa Mombasa. Zake nilizila nyumbani kwake Tudor, nikazipenda: siagi gramu 125, sukari kikombe kimoja, mayai matatu, unga kikombe kimoja, kakao robo kikombe, beking pauda kijiko kimoja cha chai. Nimefuata kila kitu alivyoniambia. Dakika ya 15 rojo lilikuwa limepanda hadi ukingoni mwa trei. Dakika ya 25 katikati pakazama, pakaacha bonde. Kando zimekauka, na ndani mna matundu kama sifongo.

Mpwa wangu wa miaka 11, aliyejipa kazi ya kuonja, ameandika kwenye daftari lake: "4 kwa 10. Zinafaa na chai." Ni kweli zinafaa. Ila ninayoitaka mimi haihitaji chai ya kuisukumia.

Jumapili, 6 Julai

Nimelala nikiwaza bonde lile. Binamu hakunificha kitu, na mimi sikukosea kipimo. Tofauti ni mahali. Mombasa iko usawa wa bahari; Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu yake. Huku hewa ni nyepesi, hata maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Gesi inayotolewa na beking pauda haikandamizwi na hewa nzito kama ya Pwani, kwa hiyo inavimba zaidi. Maji nayo yanawahi kugeuka mvuke na kutoroka. Rojo linapanda mbio kabla mayai na unga havijashikana, halafu linakosa cha kulishikilia, linaanguka.

Kwa keki ya kawaida dawa ni kupunguza beking pauda. Kwa brauni nzito naona haina kazi kabisa. Nimeiondoa.

Jumamosi, 12 Julai

Bila beking pauda, na unga nimepunguza kutoka kikombe kizima hadi gramu 90. Bonde limetoweka. Lakini bado ni keki! Imesimama sawasawa, laini, nyepesi, yaani kila kitu ambacho mtu wa keki angefurahia.

Nimekaa mezani na kipande mkononi nikijiuliza hewa imeingilia wapi, na jibu limekuja nilipotazama bakuli. Mayai na sukari nilikuwa nimeyapiga mpaka yakawa meupe, yamejaa mara tatu, yanaanguka kutoka kwenye waya wa kupigia kama utepe. Sikukusudia. Mkono umefanya wenyewe.

Mkono huu umefundishwa mkate wa mayai. Nilikuwa na miaka minane, tisa hivi, nimepewa bakuli na kipigio, Mama yuko pembeni anachambua zabibu. Mkate wa mayai hauna hamira wala beking pauda. Unapandishwa na hewa unayoipigia mayai na sukari, basi. Ukichoka, mkate unalala. Kila nilipouliza, "Mama, tayari?" alichota kwa kijiko, akaliacha rojo lianguke, akaangalia kama mstari wake unakaa juu au unazama. Ukizama: "Bado, mwanangu. Piga." Nilipiga hadi bega likawaka moto. Kwa hiyo leo ukinipa mayai na sukari, mkono unajua kitu kimoja tu.

Sasa brauni inataka kinyume chake. Hewa kidogo, mafuta mengi, unga kiasi cha kushikilia tu. Keki ni hewa iliyozungushiwa unga. Brauni ni chokoleti na siagi zilizofungwa na mayai. Wiki ijayo nitapiga kwa dakika nne, kwa saa.

Alama ya mpwa wangu: 5.

Jumatano, 16 Julai

Nimenunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni. Oveni yangu ni ya stima, ndogo, ya kuweka juu ya meza. Nimezungusha kitufe hadi 180, nikasubiri nusu saa. Sindano imesimama kwenye 205.

Nimerudia mara mbili. 205, kisha 200. Ndiyo maana kando zinakauka kabla katikati hapajashika. Nimebandika kipande cha karatasi kwenye kitufe: ukitaka 170, weka 150. Tangu nihamie nyumba hii nimekuwa nikilaumu unga.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya hasara, ila nimejifunza zaidi ya siku zote.

Nimeamua kutumia chokoleti yenyewe pamoja na kakao, si kakao peke yake. Nilinunua bamba la chokoleti ya kupikia, la bei nafuu, bila kusoma nyuma. Nikaikata, nikaiweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota. Ilipoanza kuyeyuka nilifunua bakuli kukoroga, na mvuke uliokuwa umeganda chini ya kifuniko ukadondoka ndani. Tone moja, labda mawili. Chokoleti iliyokuwa inateleza kama mafuta ikageuka donge kavu, chengachenga, kama ugali ulioishiwa maji.

Chokoleti ni vumbi la kakao na sukari linaloelea ndani ya mafuta. Tone la maji linaponyonywa na sukari, chembe hushikamana na kuunda donge. Ajabu ni kwamba maji mengi hayaleti shida, madogo ndiyo yanayoharibu. Nililiokoa donge kwa maziwa ya moto, kijiko baada ya kijiko, likawa kinywaji cha jioni. Kuanzia leo chokoleti inayeyuka pamoja na siagi, moto mdogo kabisa, na bakuli linafutwa chini kabla ya kuhamishwa.

Kisha nikasoma kile kibandiko. Kitu cha kwanza ni sukari, cha pili mafuta ya mimea, kakao inafuata mbali. Siagi ya kakao haimo. Nimeelewa kwa nini ilikuwa ikiacha utando kama mshumaa juu ya ulimi. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo maana chokoleti ya kweli hugeuka maji mdomoni yenyewe. Mafuta mengine hayana adabu hiyo.

Mchana nikapanda matatu hadi Islii (Eastleigh), kwenye duka linalouza vitu vya waokaji. Nimepata chokoleti nyeusi ya asilimia 55, ambayo kibandiko chake kinataja siagi ya kakao, na aina mbili za kakao ya unga. Ya kwanza ni hudhurungi yenye wekundu, ukiinusa kuna uchachu. Ya pili ni nyeusi zaidi, imetulia. Hii ya pili imetibiwa kwa magadi ili kupunguza asidi, ufundi ulioanzia Uholanzi kwa Coenraad van Houten katika karne ya 19. Kwa kuwa sitii beking pauda wala bikaboneti, yoyote itakubali. Ni suala la ladha. Nimechukua robo kilo ya kila moja.

Bei imenishtua. Muuzaji, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Dada, si mimi, ni kakao yenyewe." Ni kweli. Desemba 2024 tani moja ya kakao ilivuka dola 12,000 katika soko la dunia, kwa sababu mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire yalikuwa mabaya. Nikiwa ndani ya matatu ya kurudi niliwaza kwamba kakao inakua hapa jirani, Bundibugyo kule Uganda na Kyela kule Tanzania, na bado mimi nainunua ikiwa imezunguka Ulaya kwanza.

Jumamosi, 26 Julai

Upishi mpya, kwa gramu, kwa trei ya sentimita 20 kwa 20. Vikombe nimeviacha, kikombe cha unga uliotikiswa na kikombe cha unga uliochotwa polepole havilingani.

Siagi 130. Chokoleti nyeusi 120. Sukari 220. Mayai matatu, na hata hayo nimeyapima, gramu 150 bila maganda, maana mayai ya kienyeji ninayonunua kwa mama mboga hayafanani. Unga wa ngano 70. Kakao 35. Chumvi nusu kijiko cha chai. Kahawa ya unga inayoyeyuka, kijiko kimoja cha chai. Arki ya vanila kifuniko kimoja cha chupa. Siagi iwe siagi. Majarini ya kupaka mkate nilijaribu Alhamisi kwa sahani ndogo, ina maji mengi, ladha yake ikashinda chokoleti.

Kahawa haionjeki kama kahawa. Inachofanya ni kuisukuma chokoleti mbele. Mpwa wangu, asiyekunywa kahawa, hakuitambua.

Ndani imekaribia kabisa ninachotaka. Juu bado. Ngozi imetoka nene, haina mng'ao, na ukitafuna unasikia chembe za sukari. Sukari yetu ya dukani ina punje kubwa, na katika rojo lenye maji machache kama hili punje hizo hazipati pa kuyeyukia. Ngozi inayong'aa ni sukari iliyoyeyuka ikapanda juu na mayai, ikakauka ikawa kitambaa chembamba. Isipoyeyuka, hakuna kitambaa.

7 kwa 10, na maelezo: "Kama kuna mchanga."

Jumatatu, 28 Julai

Nimesaga sukari kilo moja kwenye blenda. Vumbi limejaa jikoni. Tayari.

Jumanne, 29 Julai

Trei yangu ya zamani ni ya bati jeusi lililopinda, na kuta zake zinalala nje, kwa hiyo vipande vya kando ni vyembamba na vinaungua. Trei za duka nilizoona zina pembe za mviringo. Nimeenda Kamukunji.

Mtu asiyepajua akifika mara ya kwanza hushika masikio. Nyundo mia kwa wakati mmoja, mabati yanakatwa, masanduku ya shule yanapigwa bawaba, majiko yanapangwa kuta kwa kuta. Nilimwendea fundi mmoja wa sufuria, nikamwambia nataka trei ya alumini, sentimita 20 kila upande, kimo 5, kuta wima, pembe kali. Alumini, nikarudia, si bati la paa. Bati lina zinki, sitaki iguse chakula.

"Ni ya keki, dada?"

"Ni ya brauni, fundi. Inafanana na keki, ila nzito."

Hakuuliza zaidi. Alitandaza bamba juu ya reli ya chuma, akachora kwa msumari. Akaacha sentimita tano kila upande, na kwenye kila pembe hakukata. Mafundi wengi wangekata pembe na kupiga ribiti. Yeye alikunja pembe kama unavyokunja bahasha, sikio likalala nje ya ukuta, akaligonga kwa nyundo ya mbao hadi likawa sehemu ya ukuta. Hakuna mshono, hakuna tundu, rojo haliwezi kuvuja. Ukingo wa juu akauzungushia waya ili usikate mikono. Dakika 20 hivi. Alipomaliza aliiweka chini juu ya reli, akabonyeza kila pembe kwa kidole gumba kuona kama inacheza. Pembe moja ilicheza. Akaichukua tena bila mimi kusema neno, akaigonga mara tatu.

Nimelipa Sh450 na nimeona ni kidogo kwa kazi ile.

Jumamosi, 2 Agosti

Trei ya fundi, sukari iliyosagwa, nyuzi 170 za kweli.

Nimeyeyusha siagi na chokoleti, na nusu ya sukari nikaitia humo humo ikiwa moto. Nusu ya pili nimepiga na mayai dakika nne, mpaka yakaanza kupauka, kisha nikaweka waya chini na kuondoka mezani ili mkono usiendelee. Chokoleti ndani ya mayai, ikiwa vuguvugu. Unga na kakao zimechekechwa mara mbili, zikaingia mwisho, nikakunja kwa mwiko hadi weupe ulipopotea, nikaacha hapo hapo. Ukiendelea kukoroga unga, unaamsha ule mnato unaoufaa mkate na chapati, nao hauna nafasi hapa.

Dakika ya 12 nimechungulia. Juu palikuwa pamepata mng'ao kama lami iliyonyeshewa. Dakika ya 20 mipasuko midogo imeanza pembeni. Dakika ya 25 nimechomeka kijiti, kikatoka na chenga nyevu. Nikatoa.

Ngozi imekuja! Nyembamba, ya rangi ya maziwa yenye kakao, inapasuka vipande kama utando wa yai lililochemshwa. Nimesimama jikoni nikiitazama muda mrefu. Mpwa wangu ameingia, akasema, "Shangazi, imetoka," kabla hata ya kuonja.

8. Alama mbili zimepungua kwa sababu katikati, tulipokata ikiwa bado moto, ilimwagika kwenye sahani.

Jumapili, 3 Agosti

Vipande vilivyolala usiku ni kitu kingine kabisa. Vimesimama, vinakatika, vinanata. Siagi na mafuta ya kakao vimeganda upya na unyevu umesambaa. Kumbe jana sikutoa mapema; nilikata mapema.

Nimempigia Mama, nikamtumia picha.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Mbona mbichi?"

"Si mbichi, Mama. Ndivyo inavyokuwa."

"Kijiti kinatoka kikavu?"

"La. Kikitoka kikavu imeshaharibika."

Akanyamaza. Kwake yeye, mwanamke aliyeoka miaka 50, kijiti kikavu ndicho heshima ya mpishi. Kumpa mgeni keki inayonata ni kumtukana. Nikamweleza kuwa hiki ni kitu cha Marekani, na kwamba hoteli ya Palmer House ya Chicago inasimulia kuwa kilitengenezwa jikoni mwake wakati wa Maonyesho ya Dunia ya 1893, kwa agizo la Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, aliyetaka kitamutamu cha kuwafungia akina mama kwenye visanduku vya chakula: kidogo kuliko keki, kinacholika kwa mkono. Yao ina njugu za walnut juu na imepakwa jemu ya aprikoti.

"Basi kilifungwa," Mama akasema. "Kilikaa kwenye sanduku. Hakikuliwa moto."

Sikuwa nimeliwaza hilo.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo sikutafuta kitu kipya. Nimegawa rojo katika visahani vinne vya alumini nikavitoa kwa nyakati tofauti, ili nijue mlango ninaopaswa kuingilia una upana gani.

Cha kwanza kilikuwa bado kinatikisika kama uji na kijiti kilitoka na rojo linalodondoka; hata kilipopoa kilibaki mchuzi. Cha pili, dakika tatu baadaye, kando zimeshika, katikati panatikisika kidogo ukigonga trei, kijiti kina chenga zinazoshikana. Hicho ndicho. Cha tatu, dakika tatu nyingine, kitamu ila ile haluwa imetoweka. Cha nne ni keki.

Kwa hiyo mlango una dakika tatu, pengine nne. Na Nairobi unyevu unakimbia mbio, kwa hiyo mlango wenyewe hauningoji. Sitaamini saa peke yake tena. Ninafuata harufu (ikijaza sebule, nasimama), kisha mtikisiko, kisha kijiti, na kijiti nakichomeka kati ya ukingo na katikati, si katikati penyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Ya kwanza ya tatu. Dakika 25, nyuzi 170, ikapoa kabisa kwenye wavu. 9. Majirani wa ghorofa ya tatu wamechukua vipande sita na wamerudisha sahani ikiwa na viazi karai.

Jumamosi, 23 Agosti

Ya pili. Nimetumia kakao ile nyeusi badala ya ile nyekundu. Rangi imependeza, ladha imekuwa tulivu zaidi, lakini ninaukosa ule uchachu mdogo uliokuwa unaikata sukari. Nitachanganya nusu kwa nusu. Kukata: kisu kinachovywa kwenye maji ya moto na kufutwa kila baada ya mkato. 9 tena.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama amefika Alhamisi kwa treni, na chupa ya samli na iliki zake.

Leo saa nane mchana rojo lilikuwa tayari kwenye trei ya fundi, oveni imefika 170, stima ikapotea. Ploti nzima. Tulisubiri dakika 40. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya jikoni, nahesabu Jumamosi zangu, na ngozi imeanza kukauka juu ya rojo.

Mama akainuka. "Kwani mkate wa mayai uliokula ulipikwa na stima?"

Akaniuliza kama keateka, mtunzaji wa jengo, ana jiko la makaa. Analo. Tukashuka uani, penye kamba za kuanikia nguo, maana makaa hayawashwi ndani ya nyumba. Sufuria kubwa ya pilau, mchanga safi nusu ndoo kutoka kwa mafundi wanaojenga ukuta wa jirani, na sinia la alumini la kufunikia. Mchanga ukawekwa unene wa vidole viwili, sufuria ikapashwa moto kwa robo saa. Mama alinipangia makaa mwenyewe, kwa koleo: machache chini, mengi juu ya sinia, yakizunguka ukingo na kuacha katikati wazi.

"Juu mengi, chini machache. Chini kuna jiko lenyewe."

Hakuniuliza nyuzi. Alishika kiganja juu ya sinia, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa makaa mawili, akashika tena. Akasema weka. Nikateremsha trei juu ya mchanga, tukafunika, akayarudisha makaa juu ya sinia.

Mimi nilikuwa na saa mkononi. Yeye alikaa kwenye kigoda, akimsimulia mpwa wangu jinsi nilivyokuwa nalia nikipiga mayai. Dakika ya 22 harufu ilianza. Dakika ya 28 nilitaka kufunua, akanizuia: "Ukifunua umetoa moto wote." Ya 31 akafunua yeye, akapuliza jivu kwanza lisidondokee ndani.

Ngozi ile sijapata kuiona kwenye oveni yangu. Moto wa juu ulikuwa umeivuta ikawa kama hariri, imepasuka mistari mirefu kutoka kona hadi kona. Nikagonga trei, katikati pakatikisika kidogo. Kijiti kikatoka na chenga. Mama akakitazama, akanitazama.

"Ndivyo?"

"Ndivyo, Mama."

Kona moja, iliyokuwa juu ya kaa kubwa, imeungua chini.

Jumapili, 31 Agosti

Imelala usiku mzima. Mama alikata mwenyewe baada ya swala ya alfajiri, kabla sijaamka, kwa kisu kikavu, na amekata vipande vidogo vya haluwa, si miraba yangu mikubwa. Nilipoingia jikoni alikuwa na kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kipande cha tatu mkononi.

"Hii si mbichi," akasema. "Hii imelala."

Mpwa wangu ametoa 9 na nusu. Nusu ameiondolea kona iliyoungua. Tumebishana kama trei ya makaa inahesabika kuwa ya tatu, kwa kuwa sharti lilikuwa zitoke sawa, na hii haikutoka sawa, imetoka nzuri zaidi. Ameandika "3/3" kwenye daftari na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Nimekubali hivyo, alama ya kuuliza ikae.

Ya kufanya: kuteremsha rafu ya oveni na kuwasha waya wa juu dakika tano za mwisho, nione kama nitaipata ngozi ya makaa. Korosho za Kilifi, Mama ameahidi kutuma kilo. Na iliki kidogo; anasisitiza, nami sina hakika bado.

Ile alama nyeusi kwenye kona ya trei nimeisugua kwa jivu na ndimu. Haijatoka.